Mwaka wa Mara na mwili wa mtu

Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, masika ikiwa imekolea, alipewa jina la Kambarage. Kwa Wazanaki hilo ni jina la mzimu wa mvua, na siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, naye alikuwa na jina la majira: nyerere ni viwavi, na inasimuliwa kwamba alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Kwa hiyo Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alitembea maisha yake yote na miaka miwili ndani ya jina lake, mmoja wa neema na mmoja wa viwavi.

Nimeanza na majina kwa makusudi. Waliomwita mtoto Kambarage walijua kwamba mtu haji duniani kwenye tarehe tupu. Anakuja mvua ikiwa imefika mahali fulani, ghala likiwa na kiasi fulani cha chakula, mama akiwa ametoka kwenye palizi au bado yumo. Mimi ni mtaalamu wa afya ya jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu imepita kati ya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara. Kadiri ninavyokaa huku ndivyo ninavyoona kwamba ushauri mwingi tunaowapa watu ni mzuri, ila hauna mwezi. Tunasema lala vya kutosha, kula mlo kamili, fanya mazoezi, usijaze kichwa mawazo. Hatusemi lini. Na Mara, lini ndilo swali lenyewe.

Siku hizi simu zimejaa mafunzo ya kujitunza kwa kufuata majira ya mwaka. Vijana wa Musoma mjini wananionyesha: Desemba jitahidi kukaa juani, Januari jilinde na huzuni ya siku fupi. Siwalaumu wanaoyasambaza, lakini mafunzo haya yana kwao. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walieleza kitaalamu huzuni inayowarudia watu kila majira ya baridi na kuwaachia mchana unaporefuka. Rosenthal mwenyewe alikulia Johannesburg. Alipohamia New York ndipo alipoona nguvu zake zinashuka kila siku zilipofupika, na hapo ndipo alipoanza kuuliza. Tiba waliyoijaribu ilikuwa mwanga: mgonjwa aketi mbele ya taa kali. Ni kazi iliyowasaidia watu wengi. Lakini New York mchana wa Desemba ni wa saa tisa na robo, na wa Juni unafika saa kumi na tano. Musoma iko kama nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote vinapishana kwa takriban dakika 10. Mtu wa Mwisenge au Makoko hana jua la kulitafuta Desemba, linamtafuta yeye.

Hata usingizi wetu una mwenendo wake. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha matokeo ya kupima usingizi katika jamii tatu zinazoishi bila umeme, mojawapo ikiwa Wahadzabe wa hapa Tanzania. Walikuta kwamba watu hawa hawalali giza likiingia. Kwa wastani wanakaa macho zaidi ya saa tatu baada ya magharibi. Na kilichoonekana kuutawala usingizi wao zaidi ya mwanga ni kupoa kwa usiku.

Basi kama majira yetu si ya mwanga, ni ya nini? Ni ya maji, kazi, chakula na mbu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaihesabu Kanda ya Ziwa Viktoria miongoni mwa maeneo yapatayo mvua mara mbili kwa mwaka: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Katikati kuna kiangazi kifupi cha Januari na Februari, na kile kirefu kinachoanza Juni. Kipimajoto hakisogei sana katika miezi yote hiyo. Kinachosogea ni mwili wa mtu: uzito wake, usingizi wake, damu yake, hasira zake.

Mwaka 1981 Robert Chambers, Richard Longhurst na Arnold Pacey walihariri kitabu kuhusu majira na umaskini wa vijijini. Hoja yake bado naiona kila masika: kwa maskini wa nchi za joto, shida hazigawanyiki sawasawa katika mwaka. Zinakuja pamoja, wakati wa mvua. Ghala limepungua wakati jembe linadai nguvu zaidi. Homa zimepanda wakati fedha hakuna na barabara haipitiki. Anayehitaji kupumzika ndiye asiyeweza kupumzika.

Niliielewa hoja hiyo vizuri zaidi siku moja chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha Butiama, kuliko nilivyoielewa darasani. Tulikaa na akina mama kumi na wawili hivi. Tukachora mchangani miraba kumi na miwili, kila mmoja mwezi wake, na tukaomba maharage kwa mwenyeji. Kila tulipouliza jambo, walipanga punje: mwezi wenye kazi nyingi punje nyingi, mwezi wenye kazi kidogo punje moja au hakuna. Tuliuliza kazi, chakula, homa, fedha. Walibishana, wakahamisha punje, wakacheka, wakabishana tena. Walipomaliza nikasimama kuangalia. Kwenye miraba ya Aprili na Mei, mstari wa kazi ulikuwa lundo, mstari wa homa ulikuwa lundo, na mstari wa chakula ulikuwa na punje moja. Mstari wa fedha haukuwa na kitu.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, aliketi kwenye kigoda na hakuwa amegusa punje hata moja. Nilikuwa nimemwamkia tulipofika, naye akaitikia marahaba, mwanangu, kisha akanyamaza. Nitamrudia.

Nianze na chakula, kwa kuwa hapo ndipo majira ya Mara yalipowahi kuumiza watu kwa namna ambayo kila afisa lishe wa mkoa huu anapaswa kuijua. Mwaka 1985 ulikuwa wa ukame. Wilayani Tarime, humuhumu mkoani kwetu, watu walianza kupooza miguu ghafla. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa, na haikurudi tena. Wengi wao walikuwa watoto na akina mama. Watafiti akina William Howlett na Hans Rosling, wakiwa na Mtanzania Nicholas Mlingi, waliufuatilia ugonjwa huo na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Ulikuwa konzo. Jina hilo ni la Wayaka wa Kwango, Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938.

Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioliwa kabla haujaandaliwa ipasavyo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi ndani yake, na ukame huiongeza. Wahenga wetu walijua kuishughulikia: unamenya, unaulundika na kuufunika mpaka uote ukungu na kulainika, unautwanga, unauanika mpaka ukauke kabisa, ndipo unasaga. Huo ndio udaga, na ni kazi ya siku kadhaa. Sumu inatoka hatua kwa hatua, na sehemu yake kubwa inatoka katika zile siku za kungoja. Lakini njaa haina subira. Nyumba ikiishiwa, siku zinakatwa. Muhogo unang'olewa leo, unaanikwa kidogo, unasagwa, unaliwa. Na kuna jambo la pili: mwili hujitetea dhidi ya sumu hiyo kwa kutumia viini vinavyotoka kwenye vyakula vya protini, kama samaki, nyama na maharage. Katika mwaka wa njaa hivyo ndivyo vinavyotoweka kwanza mezani. Ugali mtupu wa muhogo ulioandaliwa kwa haraka, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, ndio uliowafunga watu miguu.

Naona uzito wa jambo hili haujatufikia. Kuvundika udaga siku zake zote ni desturi ya kujitunza kuliko nyingi zinazosifiwa siku hizi. Haionekani hivyo kwa kuwa inafanywa na mama nyuma ya jiko, bila jina la kuvutia. Na ni desturi ya msimu: unavundika na kuanika muhogo mwingi kiangazi, jua likiwa kali, ili mwezi wa njaa usikukute unang'oa na kusaga siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo kwa michembe na matobolwa ya viazi, na kwa majani ya kunde na mgagani yaliyokaushwa. Familia inayokausha Julai inakula salama Aprili. Kila ninapokuta kijana anayeona aibu kula michembe kwa sababu ni chakula cha shida, najitahidi kumweleza. Ni chakula cha akili. Kilitengenezwa na watu waliokuwa wanauona mwezi wa shida ukija miezi tisa kabla.

Sasa twende ziwani, kwa kuwa dawa ya pili ya muhogo, protini ya samaki, iko huko. Ukifika mwalo wowote wa Musoma asubuhi, utakuta dagaa wameanikwa: wengine kwenye mchanga, wengine kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa, wengine kwenye vichanja, ambao ndio wasafi zaidi. Akina mama wanatembea katikati yao wakiwageuza kwa mkono, na jicho moja liko juu. Upande wetu huu wa mashariki wa ziwa, mawingu hujengeka mchana na mvua huja alasiri kuelekea jioni. Kukiwa na jua la kutosha, dagaa wanakauka siku hiyo hiyo, wanabaki na rangi ya fedha, wanavunjika wakishikwa. Wingu likishuka saa nane kabla hawajakauka, utaona mbio: maturubai, ndoo, watoto wanaitwa. Dagaa walionyeshewa huwa na harufu na rangi ya kahawia, bei inaanguka, na mwisho wao ni chakula cha kuku.

Kwa hiyo masika inawapa watu wa Mara hesabu ngumu. Ndiyo miezi dagaa wazuri wanapokuwa adimu na ghali, na ndiyo miezi ugali wa muhogo unapobaki peke yake sahanini. Ushauri wangu kwa nyumba yenye kipato kidogo hauna mlolongo mrefu. Kiangazi, wakati debe linapatikana kwa bei ya chini, nunua dagaa waliokauka kwenye kichanja, wachambue, waanike tena siku moja nyumbani, uwafunge kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Weka na maharage. Fedha hiyo ikitoka Julai huihisi sana. Ikitafutwa Mei haipo. Kwa mjamzito na mtoto aliyeacha ziwa, akiba hiyo ni muhimu kuliko kuku mmoja wa sikukuu. Nafaka nayo isivunwe ikaachwa sakafuni na unyevu wake. Tuliona mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara jinsi sumukuvu ilivyoua watu waliokula mahindi yao wenyewe.

Wavuvi wa dagaa wana majira mengine tena, ndani ya yale ya mvua. Wanavua kwa taa, na taa inahitaji giza. Mwezi ukiwa mwembamba wanaingia ziwani magharibi na kutoka alfajiri, usiku baada ya usiku. Mbalamwezi ikifika, mitumbwi inapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Mtu huyu ukimwambia alale saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, humsaidii. Anachohitaji ni kuupa mchana wake heshima ya usiku: chumba chenye giza, simu imezimwa, familia inajua kwamba baba amelala na si mvivu. Nimekuta wavuvi waliolala saa mbili kwa siku kwa wiki mbili mfululizo, kwa kuwa mchana kulikuwa na deni la kufuatilia, injini ya kutengeneza na wageni wa kupokea. Usiku wa namna hiyo, upepo ukibadilika ghafla ziwani, mtu mwenye usingizi ndiye anayechelewa kukata nanga.

Na zile siku za mbalamwezi, ambazo kwa kawaida huishia kwenye gongo na madeni ya mapenzi, zingeweza kuwa siku za afya. Huu ni mwito wangu kwa wenye zahanati na vituo vya afya vya kandokando ya ziwa: wekeni kliniki za wanaume kwa kufuata mwezi wa angani. Mkipanga upimaji wa shinikizo la damu, virusi vya Ukimwi au kichocho Jumanne ya pili ya kila mwezi wa kalenda, mara nyingine mtaangukia kwenye giza, na mtasema wavuvi hawapendi kupima. Wamelala.

Bunda inakosa usingizi kwa sababu nyingine. Katika vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Grumeti, kama kule Hunyari, mazao yakianza kukomaa tembo hutoka porini, na familia huhamia shambani usiku. Wanawasha moto, wanapiga madebe, wanapokezana zamu. Asubuhi mtoto anaenda shule, baba anaenda mnadani, mama anarudi kwenye kazi za nyumbani. Hali hii inaendelea wiki nyingi, wakati uleule ambao mwili ulitegemea kupata nafuu baada ya palizi. Watu wengi wanaofika vituoni wakisema wana mawazo, wanafika katika miezi hiyo. Neno mawazo ni letu na ni zuri. Linabeba huzuni, hofu na uchovu kwa pamoja. Mara nyingi swali la kwanza ninalowauliza ni nani anayelinda shamba, na mara ngapi kwa wiki. Nyumba tatu zikiungana na kupeana zamu za usiku mzima, kila mtu analala usiku mzima mara mbili kati ya tatu. Hilo limefanya kazi mahali nilipoliona likijaribiwa, kuliko wote kukesha nusu nusu kila siku.

Malaria nayo ina ratiba ambayo watu wengi wanaisoma kinyume. Tanzania imepiga hatua: kipimo cha haraka kwa watoto chini ya miaka mitano kilionyesha asilimia 14 wana vimelea katika utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016, na asilimia 8 katika ule wa 2022. Lakini wastani huo ni wa nchi na wa mwaka. Homa ya mtoto ina kijiji chake na mwezi wake. Watu hudhani hatari iko mvua inaponyesha, na ikikata wanaona wamevuka. Hesabuni pamoja nami. Mbu anahitaji wiki moja au mbili kutoka yai hadi kuruka. Akishamng'ata mgonjwa, kimelea kinahitaji siku kumi hivi kukomaa ndani yake. Akimng'ata mtoto wako, homa inakuja wiki moja au mbili baadaye. Kwa hiyo mvua kubwa ya Aprili inalipwa Mei na Juni, wakati anga limeshatulia. Na huo ndio wakati chandarua kinapofunguliwa kwa kuwa mbu "wamepungua", au kinapelekwa kufunika miche na kuku. Kama una nguvu ya kushika jambo moja tu, lishike hili: masika ikikata, kaa na chandarua miezi miwili zaidi bila kukosa usiku hata mmoja.

Mvua hufanya pia jambo ambalo halionekani: huingiza jiko ndani. Kiangazi mama anapika uani. Masika mafiga yanahamia chumba kidogo, kuni ni mbichi, dirisha limefungwa kuzuia mvua, na mtoto yuko mgongoni. Kikohozi cha watoto tunachokilaumu kuwa cha baridi, sehemu yake ni moshi huo. Kuni za masika zipasuliwe na kufunikwa Februari. Na mtoto asikae jikoni wakati wa kuwasha moto, hata kama nje kuna manyunyu. Manyunyu hayana moshi.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi, ingawa madhara yake si mafupi. Mvua za kwanza za vuli ndizo chafu kuliko zote, kwa kuwa zinaosha miezi minne ya uchafu wa ardhini na kuupeleka kwenye malambo, visima na ziwani. Wiki hizo ndizo za kuchemsha na kutia dawa ya maji bila kuacha. Kipindupindu kimeshaipiga Mara zaidi ya mara moja. Kiangazi kirefu, visima vikikauka, tatizo linageuka: watu wengi zaidi wanaenda ziwani, wanaingia majini kuchota na kuoga, na kichocho kinawangoja. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono mchana, hasa jua likiwa juu. Anayelazimika kutumia maji ya ziwa kuoga achote asubuhi mapema, ayaache ndooni siku mbili. Vijidudu vikikosa ngozi ya kuingia hufa.

Kiangazi chenyewe tunakisifu kama wakati wa raha, na ndivyo ilivyo. Bunda pamba inauzwa, Butiama mahindi na mtama viko ndani, harusi zinafungwa, wageni wanakuja. Lakini mimi nakiogopa kidogo. Fedha ya mwaka mzima inapita mkononi kwa wiki chache, na sehemu yake inaishia kwenye pombe. Mwanamume aliyekuwa analima saa sita kwa siku anakaa. Uzito wa tumbo na shinikizo la damu vinapata nafasi. Wanawake hawakai, wao wanahamia kwenye mapishi ya harusi na misiba. Mapumziko ya kiangazi ni haki ya mwili uliotoka kwenye palizi, na ningependa yagawanywe sawa ndani ya nyumba.

Hii ndiyo miezi pia ya kuchimba choo, kukarabati paa, kumpeleka bibi kupimwa macho, kumfanyia mtu upasuaji mdogo uliosubiri. Shimo la choo linalochimbwa Aprili linaporomoka. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kujifunza, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Walisikiliza pamoja, wakajadili pamoja malaria, kichocho, kuhara damu, kisha wakainuka pamoja kufyeka na kuchimba. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Ninapoisoma kampeni ile leo, ninachokipenda ni kwamba somo halikumwacha mtu na wazo tupu. Lilimpa kazi ya wiki hiyo. Redio zetu za leo za Musoma na Bunda zingeweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo, kila wiki na jambo lake: wiki ya kuvundika udaga, wiki ya kupasua kuni, wiki ya kuchemsha maji, wiki ya kutofungua chandarua.

Lazima niseme pia kwamba kalenda yenyewe imeanza kuyumba. Mvua za mwishoni mwa 2019 na masika ya 2020 ziliujaza mwaka mzima maji. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipita kiwango cha juu cha mwaka 1964, ambacho kilikuwa hakijafikiwa kwa zaidi ya nusu karne. Miaka mingine vuli inachelewa mpaka watu wanapanda mara mbili, na mbegu ya pili ndiyo iliyokuwa chakula. Kwa sababu hiyo simshauri mtu afuate tarehe. Afuate dalili: siku ya kwanza ya mvua ya kupandia ianzishe hesabu ya maji ya kuchemsha, siku ya mwisho ya mvua kubwa ianzishe hesabu ya chandarua, na debe la kwanza la mavuno lianzishe hesabu ya akiba. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unasomwa redioni kabla ya kila msimu. Usikilizwe na mwenye jiko pia, si mkulima na mvuvi peke yao.

Nirudi chini ya mwembe. Tulipokuwa tunafunga madaftari, yule bibi kwenye kigoda alisema, "Mwanangu, umeuliza kazi, umeuliza chakula, umeuliza homa na hela. Mbona usingizi hukuuliza?"

Nilimwomba radhi na kumkabidhi punje zilizobaki. Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti mchangani, akaanza kupanga mstari wa tano. Machi aliweka punje moja. Aprili moja. Mei alishika punje mkononi muda mrefu, akawatazama wenzake, kisha akaipita Mei bila kuweka kitu. Hakuna aliyembishia. Juni aliweka tatu, Julai akamimina nyingi mpaka zikaingia Agosti, na akina mama wakapiga vigelegele.

Kisha akauangalia mraba wa Mei tena, akauliza kama wale wanaoandika vitabini wanajua hilo. Nikamwambia wengine wanajua. Akatikisa kichwa, akazizoa punje zote, miezi yote pamoja, akazipepeta mchanga kwenye upindo wa kanga, akampa mwenyeji azilowanishe. Yalikuwa maharage ya mboga ya jioni ile, na ilikuwa Aprili.